Mpini Ndani ya Kanga

Jina alilopewa na wazazi wake sasa wanalijua wachache, na hata hao ukiwauliza ghafla watajikuna kichwa kwanza. Kijiji kizima kinamwita Mama Mpini. Watoto wa shule wanamwita hivyo, mwalimu mkuu anamwita hivyo, na siku moja karani wa zahanati alimwandika hivyohivyo kwenye kadi, naye akaitika bila kusita. Ukikutana naye asubuhi amepakata kitu kirefu kilichofungwa kwenye kanga, usidhani ni mtoto mchanga. Ni mpini wa pampu ya maji ya shule, ule mkono wa chuma unaopandishwa na kushushwa ili maji yatoke. Jioni anauchomoa, anaufunga kwenye kanga, anaulaza chini ya kitanda. Asubuhi anaurudisha. Jua liwake, mvua inyeshe, ni yeye na mpini wake.

Msimcheke. Au haya, chekeni kidogo, maana hata mwenyewe hujicheka. Lakini kwanza mjue alianzaje.

Kabla ya pampu, shule ile ilikuwa inakunywa maji ya bwawa. Bwawa lenyewe lilikuwa bondeni, rangi yake chai ya maziwa, na ng'ombe walikuwa wakiliingia mpaka magotini bila kuomba ruhusa ya mtu. Na aliyetumwa kuchota ni nani? Wasichana, nani mwingine! Katikati ya somo ndoo zinaonekana hazina kitu, basi wasichana wanainuka, wanashuka bondeni, na wakirudi ubao umeshafutwa. Binti wa Mama Mpini, mtoto wake wa pekee, alikuwa mmoja wao. Siku darasa lilipofundishwa kugawanya, yeye alikuwa amechutama ukingoni anasubiri tope litulie. Mpaka leo, mtu mzima, mwalimu wa chekechea mjini, kugawanya kunampiga chenga. Akipewa keki awakatie wageni, anampa kisu mtu mwingine.

Jioni ya siku hiyo mtoto alirudi nyumbani na daftari lililojaa makosa ukurasa mzima. Akalitupa kitandani, akasema, "Mama, mimi ni mjinga."

Mama yake alitoka nje, akainama kama anayepuliza moto, akalia hapo kilio cha hasira, na moto wenyewe hata kuni haukuwa nazo. Kesho yake alichemsha maji, akayachuja kwa kitambaa, akajitwika ndoo mpaka shuleni na kuibwaga mbele ya mlango wa mwalimu mkuu.

"Haya ni ya leo," alisema. "Leo asitoke mtoto darasani."

Siku iliyofuata akaleta nyingine. Jirani alimwona akamcheka, halafu akaona haya, naye akaleta. Wakaongezeka. Watu wakawaita Kikundi cha Ndoo, kwa kejeli, na wale akina mama wakalichukua jina wakalivaa kama nguo ya sikukuu. Hakukuwa na mfadhili, hakukuwa na gari lenye nembo ubavuni. Kila mama ndoo yake moja, kila asubuhi, maji yaliyochemshwa. Baadaye wakaanza kusuka mikeka na kuuza mayai, wakawanunulia watoto yatima madaftari na sare. Na mwisho, baada ya vikao na mizozo ambayo sitaki hata kuikumbusha, wakachimbisha kisima kwenye uwanja wa shule na kuweka pampu. Maji ya kwanza yalipotoka meupe, Mama Mpini alipewa bilauri mbele za watu. Akanywa, akatafakari, akasema hayana ladha. Alishazoea tope, masikini! Watu walivunjika mbavu.

Mpini kuanza kulala kwa mtu kulitokana na ubaya wa watu. Jioni shule ikishafungwa, wenye mikokoteni walikuwa wakija na mapipa, wanapiga pampu kwa fujo, wanajaza, wanakwenda kuuza. Pampu ikaharibika. Ikatengenezwa, wakaiharibu tena. Kikundi kikakaa, kikakubaliana mpini uwe unachomolewa. Swali likawa nani atautunza, ausafishe, aupake grisi, aamke alfajiri kila siku ya Mungu kuurudisha. Hapo kila mtu akakumbuka mgonjwa wake nyumbani. Mama Mpini akanyoosha mikono. "Nipeni," akasema.

Kosa lake likaanzia hapo, kama ni kosa. Mpini haukuwa na siku ya mapumziko, kwa hiyo naye hakuwa nayo. Hakuwahi kumwachia mtu. Alikwenda msibani akarudi kabla ya jioni. Aliumwa homa akaenda kuufunga huku anatetemeka. Na siku ya mahafali ya binti yake, siku aliyomshonea gauni la njano yeye mwenyewe kwa mkono, pampu ilikwama asubuhi. Alisema ataitazama dakika moja tu. Alipofika ukumbini, grisi mpaka viwikoni, viti vilikuwa vinapangwa kurudishwa, na binti yake amesimama peke yake karibu na mlango na cheti chake, amemsubiri. Hakulaumu. Alitoa leso akamfuta mama yake mikono, kidole kimoja kimoja. Wakarudi nyumbani. Lile gauni la njano hakulivaa tena, na mama yake aliona, wala hakuuliza.

Halafu kuna habari ya mkwe. Ah, mkwe! Binti alikwenda mjini kufundisha, akaolewa na kinyozi. Mama Mpini hana ugomvi na vinyozi, watu lazima wanyolewe, lakini mikono ya huyu ilikuwa laini kuliko ya bibi harusi, inanukia poda na spiriti. Siku ya kwanza alipokuja kujitambulisha alitaka kuonyesha heshima, akaushika mpini asaidie kupiga pampu. Akapiga haraka haraka, vipigo vifupi vifupi, kama mtu anayepepea jiko. Mama mkwe akamnyang'anya mbele ya foleni nzima.

"Acha, baba, acha! Utaniulia pampu! Ndefu na polepole, ndefu na polepole, hukufundishwa?"

Foleni ikacheka. Kinyozi naye akacheka, akajifuta mikono, akasogea kando, na tangu siku ile hakuugusa tena. Na tangu siku ile Mama Mpini akimtaja humwita "yule kinyozi," kana kwamba mji mzima una kinyozi mmoja. Mbele yake humwita "wewe baba," basi.

Binti aliposhika mimba, na ujauzito ukawa mkubwa, alimpigia mama yake simu.

"Mama, nataka uje siku yenyewe ikifika."

"Nitakuja, mama'ngu. Nitakuletea mafuta ya kujipaka, nitakuletea asali, na yale maji yetu ya—"

"Mama." Binti alimkatiza. "Safari hii usiniletee maji. Njoo wewe mwenyewe."

Mama Mpini alikaa na simu sikioni muda mrefu baada ya binti kukata. Akaapa kwamba safari hii, hata pampu ipasuke katikati, atakuwepo.

Akajiandaa kweli. Alinunua kanga mpya, doti nzima, nyekundu yenye maua meupe, akaikata katikati akapata vipande viwili vinavyofanana. Kipande kimoja akafungia vitu vya mtoto: nguo, nepi, chupa nzito ya mafuta, na mwiko mpya mrefu wa mti mgumu, maana binti alilalamika kwamba miko ya mjini inavunjika ukiiangalia tu. Kipande cha pili akaufungia mpini, kwa kuwa kanga ile ya zamani ilishachakaa kwa grisi na alitaka kuukabidhi mpini kwa mwalimu mkuu ukiwa umevaa vizuri. Vifurushi vyote viwili virefu, vyote vizito, vyote vyekundu vyenye maua meupe. Nadhani mmeshaona tunakoelekea. Yeye hakuona.

Simu ya yule kinyozi iliingia alfajiri, kabla ya jogoo. "Mama, uchungu umeanza. Tunakwenda hospitali." Mama Mpini aliruka kitandani, akavaa gauni, akasahau kitambaa cha kichwa, akarudi kukifuata, akasahau viatu. Mwenye pikipiki aliyemwita alikuwa nje anapiga honi kama anafukuza ndege. Akabeba kifurushi kimoja mkononi, kingine akakitia kwenye mkoba mkubwa pamoja na asali na unga. Kwa mwalimu mkuu wakasimama bila kuzima injini.

"Mwalimu, amana yako hii. Usimpe mtu. Ndefu na polepole!"

"Nenda, Mama Mpini, nenda," alisema mwalimu mkuu huku anapiga miayo. "Tutaweza tu."

Njiani, kwenye pikipiki na baadaye kwenye gari, alijisikia mwepesi. Kwa mara ya kwanza mpini ulikuwa kwa mtu mwingine na dunia haikuisha. Alijisifu kidogo moyoni, si unajua.

Hospitalini alimkuta kinyozi kwenye benchi la mbao nje ya wodi ya wazazi, na beseni la plastiki magotini, vifungo vya shati vimepishana kuanzia juu mpaka chini. Aliinuka kumpokea mkoba, akamsalimia kwa heshima zote. Mama Mpini akamwitikia huku macho yake yako mlangoni.

"Bado?"

"Bado, mama. Wanasema anakwenda vizuri. Anakuulizia wewe tu."

Hapo akatoka muuguzi, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha na macho ya upole. "Nani mama wa binti wa kitanda cha dirishani? Wewe? Karibu, bibi. Nipe nguo za mtoto nizitayarishe."

"Ziko hapa hapa," alisema Mama Mpini kwa fahari. Akakitoa kifurushi, akakiweka kwenye benchi, akafungua fundo.

Chuma kikang'aa. Kilikuwa kimepakwa grisi jana yake, kizuri, hakina hata doa la kutu.

Muuguzi alikitazama. Akamtazama bibi. "Loo! Mjukuu hata hajazaliwa, umeshamletea kazi?"

Watu wa benchi la pili wakaangua kicheko. Mama Mpini hakuwasikia. Alikuwa bado ameshika ncha za kanga wakati simu yake ilipolia, na hakuhitaji kuitazama ajue ni nani.

"Mama Mpini," ilisema sauti ya mwalimu mkuu, taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa. "Mimi nina mwiko hapa."

"Najua, mwalimu."

"Na nepi."

"Najua, mwalimu! Mpini ninao mimi."

"Nimekupigia tangu asubuhi, hupatikani. Tumejaribu bomba la chuma la fundi baiskeli, matundu hayaingiliani. Kuna mtoto ameshauri tujaribu na mwiko." Alitaka kucheka akashindwa. "Mapipa yana maji ya jana kidogo, yatatufikisha mchana. Na leo ndiyo darasa la mwisho wameanza mtihani. Asubuhi hii lugha. Mchana ni hesabu."

Hesabu. Mama Mpini alifumba macho. Wasichana watatumwa bondeni saa ya chakula, watake wasitake, maana watoto mia kadhaa hawawezi kukaa na kiu kutwa nzima. Watachelewa kurudi. Watakaa kwenye karatasi ya hesabu na matope miguuni, wakihema. Alimwona kila mmoja wao, na wote walikuwa na sura moja, sura ya mtoto wake na lile daftari.

"Nakuja," alisema, akakata simu.

Miguu yake ilishaamua kabla yake. Alifunga mpini kwenye kanga, akautia mkobani, akautundika mkoba begani. Kisha akakumbuka kwamba hawezi kuondoka bila kumuaga mwanawe, akaingia wodini na mkoba wake hivyo hivyo.

Binti alikuwa amelala ubavu karibu na dirisha, jasho linamtiririka, ameshika chuma cha kitanda. Alipomwona mama yake, uso wote ulifunguka. "Mama! Umekuja!" Halafu macho yake yakashuka mpaka kwenye mkoba ulio begani, yakaona ncha ya kanga imechomoza, ndefu, na umbo ambalo amelijua tangu utoto. Akaelewa. Hakuna mtu duniani aliyelijua umbo lile kuliko yeye.

"Umekuja nao," alisema.

"Kwa bahati mbaya, mama'ngu, wallahi kwa bahati mbaya! Vifurushi vimefanana. Na leo wana mtihani wa hesabu, na mapipa—"

Binti alicheka. Alicheka mpaka uchungu ukamkamata, akanyamaza, akavuta pumzi ndefu, ukapita. Kisha akamshika mama yake mkono, akaupapasa kama anayembembeleza mtoto.

"Nenda tu, mama," alisema. "Nimezoea."

Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Angemwambia mama gani wewe, ingekuwa afadhali mara mia. Lakini alilisema kwa upole, bila kinyongo, kama mtu anayekuambia leo kuna mawingu. Mama Mpini alisimama pale. Aliwaza kwamba alibeba ile ndoo ya kwanza kwa ajili ya mtoto huyu. Kwa ajili ya huyu na si mwingine. Halafu ndoo zikawa nyingi, watoto wakawa wengi, na huyu mwenye daftari akawa ndiye wa mwisho kwenye foleni, kila siku anawapisha wenzake, mpaka akazoea.

Akauteremsha mkoba begani.

"Siendi," alisema.

"Mama, watoto wa watu—"

"Nimesema siendi! Kwani wewe si mtoto wa mtu?" Alikuwa analia waziwazi, wala hakujifuta. "Ngoja nimwambie mwalimu anisamehe. Narudi sasa hivi. Usizae kabla sijarudi."

"Nitajitahidi," alisema binti, na safari hii kicheko chake kilikuwa na machozi.

Kule nje, Mama Mpini aliitoa simu lakini vidole vilikataa kubonyeza. Atasemaje? Kwamba leo hakuna maji, shukeni bondeni? Kinyozi alikuwa amesimama mbele yake. Kuta za hospitali ile ni nyembamba, alikuwa amesikia yote.

"Mama," alisema, "nipe mimi."

"Nikupe nini?"

"Mpini. Jirani yangu wa duka la viatu ameniachia pikipiki yake, iko hapa hapa nje. Nikiondoka sasa, mchana nimefika."

Mama Mpini alimkazia macho. "Wewe baba una wazimu? Mkeo yuko humo ndani. Mtoto wako anazaliwa leo."

"Anazaliwa, ndiyo. Na atavaa nini? Huu mpini?" Kinyozi alitabasamu, lakini midomo ilikuwa inamcheza. "Nguo zake ziko kwa mwalimu, mama. Lazima mtu akazifuate. Mimi humo ndani hawaniruhusu, wanaruhusu mtu mmoja tu, na yeye hakuniita mimi. Miezi yote hii, usiku na mchana, amekuwa akisema mama atakuja, mama atakuja. Mtoto nitamkuta. Wewe kaa."

Alinyoosha mikono yake miwili, ile mikono laini yenye kunukia poda. Mama Mpini akautoa mpini mkobani na kumpa. Yaani, alimpa upande mmoja. Upande wa pili vidole vyake viligoma kuachia. Wakasimama hivyo, kila mmoja kashika ncha yake, benchi la pili wote wanawatazama kama wako kwenye kamari.

"Usiubwage chini," alisema.

"Siubwagi."

"Kuna pini ndogo. Inaingia kutoka kushoto. Ukiilazimisha inakatika."

"Kutoka kushoto."

"Na usipige kama—"

"Bibi wa kitanda cha dirishani!" aliita muuguzi kutoka mlangoni. "Unataka kuja au hutaki? Mwenzio hasubiri!"

Mama Mpini akaachia. Aliachia kwa ghafla hata kinyozi akayumba nyuma hatua moja. Alipogeuka kutazama, mkwe wake alikuwa anakimbia kwenye ukumbi wa hospitali na kifurushi chekundu kifuani, shati limepishana vifungo, watu wanampisha wakidhani kabeba mgonjwa.

Ya humo ndani hayahitaji masimulizi marefu. Waliozaa wanajua, na wasiozaa wakisimuliwa hawataelewa. Ilichukua muda kuliko walivyotarajia. Binti alimfinya mama yake mkono mpaka kucha zikaacha alama, akamtukana tusi moja ambalo hakuna aliyejua kalijulia wapi, halafu akaomba radhi, halafu akarudia. Mama Mpini hakusema habari za maji hata mara moja. Alimfuta jasho. Alimfuta kidole kimoja kimoja, mikono yote miwili, kama naye alivyofutwa siku ile mlangoni pa ukumbi, na binti akamtazama, akajua anachofanya.

"Lile gauni la njano," alisema binti katikati ya pumzi, "ninalo bado."

"Kweli?"

"Nimeliweka. Akiwa wa kike..."

Hakumaliza, maana wa kike alikuwa anakuja.

Alizaliwa mchana, jua likiwa limeshapinduka, mzima, mwenye kelele. Muuguzi akauliza tena habari ya nguo, kwa mazoea, kisha akakumbuka, akatikisa kichwa. Mama Mpini akaivua kanga aliyojifunga kiunoni, safi, imelainika kwa kufuliwa, wakamviringisha humo mtoto, kikabaki kiuso tu chekundu kama nyanya. Bibi akampokea. Alimwona ni mwepesi mno, kwa mtu aliyezoea kupakata chuma.

Simu ikalia wakati binti ameanza kusinzia. Ilikuwa namba ya kinyozi. Mama Mpini akaiweka sikioni kwa mkono mmoja.

Hakusikia mtu. Alisikia sauti ya chuma kikipanda, kikakaa, kikashuka. Kikapanda tena, kikashuka mpaka chini kabisa. Halafu maji yakigonga ndoo, na watoto wakigombana nani yuko mbele.

"Umesikia, mama?" Kinyozi alikuwa anahema. "Ndefu na polepole. Kama ulivyonifokea."

Wasichana walikuwa wameingia kwenye hesabu, kinyozi aliendelea kusema, wote, hakuna aliyetumwa, mwalimu amewanywesha mlangoni kabla ya kuingia. Alifika dakika za mwisho, pikipiki ilimzimikia mlimani akaisukuma. Mikono imemtoka malengelenge. Nguo anazo. Na mwiko anao, ingawa kuna mtoto hakutaka kuuachia. Alikuwa anaongea bila kituo, kama watu wanaoogopa kuuliza.

"Wa kike," alisema Mama Mpini. "Wote wawili wazima. Ana kichwa chako, masikini."

Upande wa pili pampu ilinyamaza. Yakasikika maji yakidondoka, halafu mtu mzima akilia mbele ya foleni ya watoto, na watoto wakiulizana kinyozi kapatwa na nini.

"Narudi sasa hivi, mama," alisema alipoweza. "Nachomoa mpini nakuletea."

Mama Mpini alimtazama mjukuu aliyelala kwenye mkono wake. Akamtazama binti yake, ambaye alikuwa amefumba macho lakini hakuwa amelala, alikuwa anasikiliza.

"Usije nao," alisema. "Mwachie mwalimu. Mwonyeshe pini inavyoingia, atajifunza. Wewe njoo na nguo za mtoto tu." Akamweka mtoto vizuri mkononi. "Na endesha taratibu. Njoo salama, mwanangu."

Akakata simu haraka, kama mtu aliyeiba. Binti alikuwa amefumbua jicho moja.

"Mama, umemwita nani?"

"Si nimemwita mwanangu? Kwani ni nani? Lala huko."

Binti akalala kweli. Jua lilizunguka likaingia kwa upande wa pili wa wodi, wageni wa vitanda vingine wakaanza kuingia na vyombo vya chakula. Mama Mpini hakusogea alipokaa. Alikuwa anahesabu kope za mtoto, akifika katikati anapotea, anaanza tena. Binti alipoamka alitazama dirishani, akaliona jua lilivyoshuka, na kwa mazoea ya miaka yote akashtuka.

"Mama! Saa ya kufunga pampu hiyo!"

"Pampu gani?" alisema mama yake, na akamfunika mtoto miguu.